Kila Kifungu na Kidonda Chake: Wasomaji Wauliza Kuhusu Haki za Raia

Barua za mwezi huu zimetoka Kakamega, Nakuru, Kisumu, Bungoma, Busia na Siaya. Nyingi zinazunguka jambo moja: haki zilizoandikwa katika Katiba ya 2010 zilitoka wapi, na mtu akikwama anazitumiaje? Tumezijibu pamoja kwa sababu maswali hayo hayatengani. Ukijua kifungu kiliwekwa kuziba ufa gani, unajua pia pa kukishikia.

*Nafundisha historia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wameshikilia kwamba haki za raia tuliletewa na Wazungu kule Lancaster House, London, kwenye mikutano ya katiba ya uhuru, na kwamba babu zetu hawakuwa na habari nazo. Niwajibu vipi?*
Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, waanzishie hapo hapo mlipo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi ya wenyeji iliyoahidi kwamba ardhi ya rizavu ni ya Waafrika milele, na kwamba sehemu yoyote ikitwaliwa kwa kazi ya umma, wenyewe watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na kufikia Desemba 1932 sheria ile ilikuwa imebadilishwa: ardhi ingeweza kukatwa kutoka rizavu, mwenyewe alipwe pesa tu, na baraza la wenyeji lisiulizwe kitu. Hiyo "milele" ilidumu miaka miwili.

Baada ya hapo wasomee Kifungu cha 40 taratibu, neno kwa neno. Serikali ikitwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma, sharti ilipe fidia ya haki, kamili, bila kuchelewa, na mwenye maslahi katika mali hiyo awe na njia ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 63 nacho kinazuia ardhi ya jamii kugawanywa au kuuzwa ila kwa kufuata sheria inayotaja haki za wanajamii wenyewe. Mwanafunzi aliyesikia habari ya dhahabu ataona mara moja kila neno pale linajibu nini.

Rudi nyuma miaka kumi zaidi. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikusanyika Lundha, Gem, katika vuguvugu lililoitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walikataa kipande, kodi nzito ya nyumba na kazi ya kulazimishwa, na walipinga nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920. Kipande kilikuwa cheti chenye alama za vidole, kikitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni, na mwanamume aliyekutwa bila hicho alishikwa. Aliyetembea na bati hilo kifuani hakungoja kufundishwa na mtu maana ya heshima ya binadamu, ambayo leo ni Kifungu cha 28, wala ya uhuru wa kutembea, ambao ni Kifungu cha 39. Na huko Bungoma, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilipigwa marufuku mwaka 1948, mwaka ule ule polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi. Uhuru wa kuabudu uliolindwa na Kifungu cha 32 una makaburi yake.

Lancaster House nayo haikuwa bure. Mkutano wa 1960 ulihudhuriwa na Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika na kuwaandikia rasimu ya haki. Baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Lakini tazama waliokuwa na hofu kubwa mezani pale. Walowezi waliogopa kunyang'anywa mashamba. Jamii ndogo, ambazo chama chao kilikuwa KADU cha akina Ronald Ngala na Masinde Muliro, ziliogopa kumezwa na zile kubwa. Sura ya haki ya 1963 ikatoka na sura ya hofu hizo: ulinzi wa mali ulielezwa kwa kirefu, huku chakula, maji, makao na matibabu havikutajwa kabisa. Hayo yaliingia tu baada ya tume ya marekebisho ya Katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai kuzunguka nchi nzima ikisikiliza raia, na watu wakazungumza mambo ya nyumbani kwao.

Waandikie ubaoni Kifungu cha 19(3): haki ni mali ya kila mtu na hazitolewi na Serikali. Kwa maoni yetu huo ndio mstari mzito kuliko yote katika Sura ya Nne, sura ya haki, na unajibu swali la wanafunzi wako moja kwa moja.

*Mwanangu ni mwendeshaji wa boda boda hapa mjini. Alishikwa Alhamisi saa moja jioni, akafikishwa mahakamani Jumatatu alasiri. Sisi tunajua ni saa 24. Je, haki yake ilivunjwa?*
Mama, Nakuru

Pole sana, Mama. Hesabu hii huwapotosha wengi, basi tuifanye polepole. Kifungu cha 49 kinataka aliyeshikwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, zisipite saa 24. Saa za mwanao ziliisha Ijumaa saa moja jioni, na mahakama ilikuwa imefungwa. Katiba inasema saa hizo zikiishia nje ya saa za kawaida za mahakama, au siku ambayo si ya mahakama, basi mwisho ni siku inayofuata ya mahakama. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kwa hesabu ya saa, polisi hawakuvuka mpaka. Lau angeshikwa Alhamisi hiyo hiyo saa nne asubuhi, muda ungekwisha Ijumaa saa nne asubuhi, mahakama ikiwa wazi, na kumlaza seli hadi Jumatatu kungekuwa kuvunja Katiba waziwazi.

Kwa hivyo saa ya kushikwa ndiyo kesi yenyewe, na hapo ndipo watu wengi hupoteza. Muda huanza mtu anaposhikwa, si anapoandikwa katika OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kijana akichukuliwa stejini saa nne asubuhi, akazungushwa na gari la polisi mchana kutwa, kisha akaandikwa OB saa moja jioni, kitabu kitaonyesha saa moja. Aliye karibu na mtu anayeshikwa amtumie jamaa ujumbe wa simu papo hapo: "Ameshikwa sasa hivi, stejini." Ujumbe huo hubeba tarehe na saa yake, na haufutiki kwa kalamu ya mtu. Mkifika kituoni, ombeni namba ya OB, jina la afisa aliyemshika na kosa lililoandikwa.

Kuna jambo lingine ambalo pengine hamkuambiwa. Wikendi haiwazuii polisi kumwachilia mtu kwa bondi, kwa hivyo hakukuwa na lazima ya kungoja Jumatatu kama kosa lilikuwa dogo. Bondi ya polisi haina malipo. Mkidaiwa dhamana ya pesa taslimu, msitoe hata shilingi bila risiti rasmi, kwa kuwa pesa hizo ni zenu na zinarudishwa; bila risiti hakuna cha kurudishiwa. Halafu ulizeni ameshtakiwa kwa kifungu gani cha sheria, mtazame adhabu yake. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Kifungu cha 49(2) kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa ajili yake.

Kwa nini Katiba ihesabu saa kama mwenye duka anavyohesabu chenji? Kwa sababu saa hizo ziliwahi kuibwa. Mwaka 1966 serikali ilijipa tena uwezo wa kumfunga mtu bila kesi kwa jina la usalama wa umma. Oktoba 25, 1969, watu walipigwa risasi Kisumu katika ufunguzi wa hospitali mpya ya Nyanza, ile watu wanayoiita Russia. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na Jaramogi Oginga Odinga pamoja na viongozi wenzake wakafungiwa bila kushtakiwa. Miaka ya 1980 watu waliteswa katika vyumba vya Nyayo House, Nairobi. Na mwaka 1988 Bunge lilibadilisha Katiba, anayeshukiwa kwa kosa la kunyongwa aweze kushikiliwa siku 14 badala ya saa 24. Mageuzi hayo hayo yaliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, basi aliyeteswa angemlilia nani? Ndiyo sababu Kifungu cha 25 kimetenga haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na haki ya mtu kuletwa mbele ya mahakama.

Hiyo ya nne ndiyo chombo chenu siku nyingine. Muda ukipita, jamaa yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu ya Nakuru na hati ya kiapo inayosema nani ameshikwa, lini, wapi, na kituo gani kimekataa kumtoa, akaomba jaji aamuru aletwe. Msitumaini lakini kwamba kuchelewa peke yake kutaiua kesi. Tangu 2010 Mahakama ya Rufaa imesema kwamba dawa ya saa zilizozidi ni kudai fidia. Mashtaka yenyewe huendelea.

*Tunataka kuandamana kuhusu maji. Chifu anasema hakuna maandamano bila kibali. Kibali hicho kinatolewa wapi?*
Kijana, Kondele, Kisumu

Hakitolewi popote, ndugu, kwa sababu hakipo. Kabla ya 1997 mikutano ilihitaji leseni, na leseni hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwafungia wapinzani viwanja. Mageuzi ya mwaka huo, yaliyokubaliwa na wabunge wa pande zote chini ya kundi lao la IPPG, yaliondoa leseni yakaweka taarifa. Kifungu cha 37 kikaja kulipiga muhuri jambo hilo: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha.

Taarifa huandikwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo lenu, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Iwe na jina kamili na makao ya mwandalizi, tarehe na saa, na mahali pa mkutano au njia mtakayopita. Njia iandikwe kwa majina ya barabara. "Kondele hadi mjini" haitoshi, maana mkikengeuka mtaambiwa mlikuwa kwingine. Saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakikataa kugonga, andika nyuma yake jina la afisa, tarehe na saa, na shahidi atie sahihi.

OCS anaweza kusema haiwezekani ikiwa wengine wametangulia kutoa taarifa ya siku, saa na mahali hapo hapo, na akujulishe kwa maandishi. "Nimeambiwa kutoka juu" si sababu inayojulikana na sheria. Tafadhalini wekeni wasimamizi wenu wanaojulikana kwa mavazi, kwa sababu mtu mmoja mwenye jiwe hutosha kuwavua nyote ulinzi wa maneno "kwa amani".

*Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Akina mama wanatukanwa wodini na kulala wawili wawili. Kifungu cha 43 kina meno kweli?*
Msomaji, Bungoma

Kina meno, na yaliuma hapo hapo Bungoma. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimwamulia mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, bila msaada, kisha akapigwa na kutukanwa. Alipewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Jaji hakutegemea haki ya afya peke yake. Heshima ya binadamu na kutotendewa ukatili pia vilihesabiwa. Shikeni somo hilo. Ukidai kitanda, Serikali itajibu kwamba haki za Kifungu cha 43 hutimizwa hatua kwa hatua kadiri ya rasilimali. Mzigo wa kuonyesha kwamba rasilimali hazipo ni wake, Kifungu cha 20(5) kinasema hivyo, lakini mabishano hayo ni marefu. Ukidai kutotukanwa wala kutopigwa, hakuna bajeti ya kusingizia. Na matibabu ya dharura yako peke yake: Kifungu cha 43(2) kinasema mtu asinyimwe, basi.

Namna ya kushtaki nayo ina kidonda chake. Katiba ya zamani iliruhusu raia kwenda Mahakama Kuu haki yake ikivunjwa. Mwaka 1989 jaji mmoja aliamua kwamba, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kesi hizo, njia hiyo imekufa. Hebu fikiria: haki ipo kwenye karatasi, mlango umefungwa kwa sababu hakuna aliyechonga ufunguo. Ndiyo maana Kifungu cha 22(4) kinatamka kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kusikilizwa. Kanuni zenyewe zilitungwa mwaka 2013 wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga, na zinaruhusu mahakama kupokea hata barua, au malalamiko ya mdomo ambayo mahakama itayaandika.

Barua inakubalika, lakini barua ya kulia tu haifiki mbali. Kanuni iliyowekwa na mahakama mwaka 1979 bado inatawala: eleza kwa usahihi kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwaje. Andika jina na anwani ya mlalamishi, kisha matukio kwa tarehe na saa, wodi gani, nani alikuwepo. Taja kifungu, na mbele ya kila kifungu andika tendo linalokivunja. Eleza madhara yaliyompata. Taja kesi nyingine yoyote kuhusu jambo hilo. Ukiificha, ombi litakutia doa. Malizia na unachotaka mahakama iamuru, utie sahihi. Ambatisha kadi ya kliniki na karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitalini. Tazameni kadi hizo mapema, kwa maana muuguzi anapoandika "hali nzuri" kwa mama aliyejifungulia sakafuni, ni heri hilo ligunduliwe na ninyi kabla ya wakili wa upande wa pili.

Si lazima mlalamishi awe mama mwenyewe. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Kinasema pia kwamba hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hii. Mkidaiwa masjala, onyesheni kifungu hicho na mwombe msamaha wa ada kwa maandishi kwa msajili. Yanayoangusha maombi mengi ni kukimbilia Mahakama Kuu wakati sheria imeweka baraza au tume ya kuanzia. Jaji atawarudisha huko, na mwaka utakuwa umepotea.

*Nimeolewa na Mganda. Mtoto wetu alizaliwa Tororo. Ni Mkenya?*
Mama, Busia

Ni Mkenya wa kuzaliwa, ikiwa wewe ulikuwa raia siku alipozaliwa. Kifungu cha 14 kinahesabu mama au baba, popote mtoto alipozaliwa. Katiba ya zamani ilimtazama baba peke yake kwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, na wanawake wa mipakani waliumia sana kwa hilo. Beba cheti chake cha kuzaliwa cha Uganda na kitambulisho chako uanzie ofisi ya uhamiaji.

*Mume wangu amefariki. Shemeji zangu wanasema kwa mila ardhi ni ya ukoo nami nirudi kwetu. Katiba inaishinda mila?*
Mjane, Siaya

Pole kwa msiba, Mama. Kwenu Siaya swali hili lina historia inayojulikana nchi nzima. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager walivutana mahakamani kwa miezi mitano kuhusu nani amzike. Mei 1987 ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga. Katiba ya wakati huo ilikataza ubaguzi, kisha ikatoa ruhusa ya kubagua katika ndoa, talaka, mazishi na urithi. Yaani ulinzi uliishia mlangoni mwa nyumba, pale pale mwanamke alipouhitaji.

Katiba ya 2010 iliuondoa mlango huo. Kifungu cha 2(4) kinabatilisha sheria yoyote, ya mila ikiwemo, inayopingana na Katiba. Kifungu cha 27 kinalinda usawa, cha 45(3) kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, na cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe, hata ule wa desturi.

Lakini Katiba haitakuja kukulindia boma. Cheo cha msimamizi wa mirathi ndicho kitakachokulinda, na mahakama humtanguliza mjane kukipata. Chukua cheti cha kifo, vitambulisho, nakala ya hati ya ardhi na barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Isome barua hiyo kabla ya kuipokea, kwa kuwa hapo ndipo majina ya mashemeji huingia na ya mabinti hutoweka. Chifu akikataa kuandika, mweleze msajili kwa maandishi. Mahakama inaweza kumwita. Jaza fomu P&A 80 na kiapo chake, P&A 5. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi, na wenye pingamizi wana siku 30.

Ukishapewa hati ya usimamizi, hungoja miezi sita kabla ya kuithibitisha, na ardhi haigawanywi kabla ya uthibitisho huo. Katika miezi hiyo pitia Gazeti Rasmi, au mwombe karani wa mahakama akutazamie, kama shemeji amefungua mirathi ile ile kwa siri katika mahakama nyingine. Akipewa hati kwa kukuficha, omba ifutwe chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi. Na anayekata miti, kukodisha shamba au kuhamisha mipaka leo, kabla ya mtu yeyote kupewa usimamizi, anatenda kosa chini ya kifungu cha 45 cha sheria hiyo, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Piga picha visiki na mipaka, uende kituo cha polisi uandikishe OB, na namba hiyo uiweke pamoja na cheti cha kifo.